Mimi ni grupu B, sokwe hana B, gorila ndo anayo: sasa mimi damu yangu ni ya gorila?

Swali limetoka kwa mwalimu wa baiolojia wa sekondari moja huko Mpwapwa, nalifupisha: "Shikamoo dokta. Tulichangia damu hapa shuleni, majibu yangu yakaja B+, mama yangu ni O. Nilipowaeleza wanafunzi wa kidato cha tatu, mmoja akasema amesoma kwenye simu kwamba sokwe wote ni A au O, na gorila wote ni B, kwa hiyo mwalimu katoka kwa gorila. Darasa likacheka mpaka kengele. Je kuna ukweli wowote? Na damu ya sokwe mtu anaweza kuongezewa? Na hawa nyani wa kwenye milima yetu, tukiwapima kwa dawa zilezile za matone watatoka grupu gani?"

Marahaba mwalimu. Huyo mwanafunzi usimnyamazishe, maana alichosoma karibu chote ni kweli, kilichoharibika ni hiyo "kwa hiyo" yake tu. Ila niseme mapema, nikiandika sokwe hapa namaanisha wale wa Gombe na Mahale, gorila ni mwingine kabisa na hapa Tanzania hatuna, mpaka uende Uganda, Rwanda au Kongo.

Tuanze na wewe. Seli nyekundu imevaa minyororo ya sukari kwa nje, na kuna mnyororo wa msingi unaitwa H ambao karibu kila mtu anao. Mtu wa A ana kimeng'enya, yaani protini ya kufanya kazi mwilini, kinachochomeka sukari moja ya ziada mwishoni mwa huo mnyororo, inaitwa N-asetili-galaktosamini, mtu wa B kimeng'enya chake kinachomeka galaktosi ya kawaida, AB ana vyote viwili, na O kimeng'enya chake kimekufa kwa hiyo H inabaki kama ilivyo. Hakuna cha ziada hapo. Hizi grupu tunazoziongelea kama makabila zinatofautiana kwa sukari moja ya mwisho. Na kwa kuwa mama ni O, hakuwa na B ya kukupa, B yako imetoka kwa baba na upande wa pili umebeba O ya mama, wewe ni BO japo kadi inaandika B tu.

Jeni inayotengeneza hicho kimeng'enya ni moja, iko kromosomu namba 9, na ilisomwa mwaka 1990 na timu ya Yamamoto. Walichokikuta ni cha ajabu kidogo: kimeng'enya cha A na cha B vina amino asidi (yale matofali yanayojenga protini) 354 kila kimoja na vinatofautiana sehemu nne tu, namba 176, 235, 266 na 268, na kati ya hizo nne kazi kubwa inafanywa na hizo mbili za mwisho. A ana leusini na glisini pale 266 na 268, B ana methionini na alanini. Badilisha herufi chache kwenye DNA, kimeng'enya kinaanza kushika sukari nyingine.

Sasa ukienda kusoma jeni hiyohiyo kwa gorila, pale 266 na 268 unakuta methionini na alanini. Yaani palepale, zilezile za kwako. Ukienda kwa sokwe unakuta leusini na glisini, za mtu wa A. Kwa hiyo kijana hakudanganywa na simu. Sokwe wengi ni A, wachache ni O, B haijaonekana. Bonobo, yule ndugu yake sokwe anayeishi Kongo ng'ambo ya mto, ni A. Gorila wa nyanda za chini, ambao ndo wamepimwa sana, ni B. Lakini simu yake haikumalizia orodha: orangutani wa Asia wana A, wana B, wana AB, na giboni, wale wadogo wa Asia wasio na mkia, hivyohivyo. Na hapo kwenye orangutani na giboni ndo jibu lilipojificha, maana hao ni ndugu wa mbali zaidi kuliko sokwe na gorila, na bado wana A na B zote mbili kama sisi. Kama B ya mtu inaonyesha katoka kwa gorila, basi mtu wa AB katoka kwa giboni? Muulize hivyo uone atajibu nini.

Hii habari sio mpya eti. Landsteiner, yule wa Vienna aliyegundua grupu za damu za watu 1901, mwaka 1925 yeye na Miller walishatoa kazi ya kupima damu za jamii hii ya sokwe na nyani na wakaona damu za sokwe na orangutani zinagandana kwa dawa zilezile za kupimia grupu za binadamu. Kilichokuwa hakijulikani miaka yote hiyo ni kama A ya sokwe na A ya mtu ni urithi mmoja au kila mmoja kaitengeneza kivyake baadaye zikafanana kwa bahati, na watu walibishana sana hapo, wengine wakasema B imezaliwa upya mara kadhaa kwa kuwa ni herufi chache tu za kubadilisha, na hoja yao haikuwa ya kijinga hata kidogo. Mwaka 2012 kundi la Ségurel na Przeworski wakaangalia DNA ya jirani na hizo herufi, sio herufi zenyewe tu, kwa watu na kwa giboni na wengine, wakaona kipande kinachozunguka A ya mtu kinafanana na cha A ya giboni, na cha B na cha B, kwa namna ambayo bahati haiwezi kueleza. Hesabu yao: A na B zilikuwepo zote mbili kwa babu wa pamoja angalau miaka milioni 20 iliyopita na hakuna hata moja iliyopotea kwenye ukoo wetu mpaka leo.

Kwa wanafunzi wa Mpwapwa mimi ningewaeleza kwa mtama. Babu ana ghala lenye mbegu nyeupe na nyekundu zimechanganyika. Watoto wanagawana wanahama, mmoja anaenda Bahi, mwingine Kongwa, mwingine anabaki. Ukame unapiga miaka na miaka, wa Bahi anabakiwa na nyeupe peke yake, wa Kongwa nyekundu peke yake, aliyebaki nyumbani bado anazo zote. Mjukuu wa nyumbani akilima nyekundu haina maana yeye ni mtoto wa Kongwa. Ghala la gorila lilipoteza A, la sokwe likapoteza B, letu likabaki na zote.

Sasa tuingie ndani zaidi kidogo, maana wewe ni mwalimu na hili linaweza kukuletea maswali. Ukoo wa jeni moja na ukoo wa mnyama mzima ni vitu viwili, sio lazima vifuate njia moja. Sisi ndugu yetu wa karibu kabisa ni sokwe, tumeachana kama miaka milioni 6 au 7 hivi, gorila kaachana nasi kabla ya hapo, hilo halina ubishi. Lakini jenomu ya gorila, yaani DNA yake yote, iliposomwa 2012 ilionekana kwenye asilimia kama 30 ya DNA gorila yuko karibu na mtu au karibu na sokwe kuliko hao wawili walivyo karibu wao kwa wao. Asilimia 30 sio kidogo. Na kwenye ABO, yaani hiyo jeni ya A, B na O, ndo inazidi, maana pale kwenye kakipande kadogo ka jeni, mtu wa B na mtu wa A ambao wamezaliwa tumbo moja, mama mmoja baba mmoja, wamebeba nakala zilizoachana zamani kuliko binadamu alivyoachana na sokwe. Nikiwaambia watu hili huwa wananiangalia kama nimechanganyikiwa. Lakini ndivyo ilivyo, mdogo wako akiwa A, kwenye hicho kipande nakala yako na yake zimeachana mamilioni ya miaka, na bado mnakula sahani moja.

Kwanini zimekaa muda wote huo? Kwa kawaida tofauti ya jeni isiyo na faida wala hasara inapotea yenyewe baada ya muda, moja inashinda kwa bahati tu. Kukaa miaka milioni 20 ni lazima kuwe na kitu kinachozirudisha zote mbili kila mara, na kinachodhaniwa zaidi ni magonjwa. Zile sukari haziko kwenye damu peke yake, ziko kwenye utumbo, kwenye mate, kwenye kuta za mishipa, na wadudu wengi wanazitumia kama mahali pa kushikia. Halafu kuna kingamwili, wale askari wa mwili wanaoshambulia kitu kigeni. Wewe wa B una kingamwili za kupiga A bila hata kuwahi kuongezewa damu, mtoto anazaliwa hana anaanza kuzitengeneza akiwa na miezi kadhaa kwa sababu bakteria wa tumboni wana sukari zinazofanana na A na B, mwili unajifunza kwao. Sasa virusi vingine vikitoka kwenye seli ya mtu wa A vinatoka vimejipaka sukari ya A, vikikufikia wewe vinakuta askari wameshajipanga. Hilo limeonyeshwa maabara kwa virusi vya surua. Kwa mtindo huo inalipa kijiji kuwa na mchanganyiko, na grupu ikiwa adimu inakuwa na faida, ikizidi faida inapungua.

Na hakuna grupu inayoshinda kila mahali, hapa ndo napenda. O inasaidia kwenye malaria kali, kwa sababu seli yenye vimelea inapenda kujigandisha na seli nzima kwa kushika sukari ya A au ya B, yanatokea mafundo yanayoziba mishipa midogo, kwa O mafundo yanakuwa madogo na legevu, kuna utafiti wa watoto wa Mali ulitoka 2007 ulionyesha hivyo vizuri tu. Sasa huyohuyo wa O akipata kipindupindu ndo anaelekea kuumwa zaidi kuliko wenzake. Kwa hiyo mtu akikwambia damu fulani ndo bora mwulize bora kwa ugonjwa gani na mwaka gani.

Nimekumbuka na hili la O kwa sababu kuna watu wanazunguka nalo, eti O ni damu ya binadamu wa kwanza, mwindaji, ale nyama, na wa B ni mfugaji anywe maziwa, mpaka kuna watu hapa mjini wanapanga chakula kwa hiyo. Hapana. O ni jeni iliyoharibika. Ile ya kawaida kabisa kwa watu imepoteza herufi moja tu, G ya nafasi ya 261, ikishapotea usomaji wote unahama hatua moja, kimeng'enya kinakatika baada ya amino asidi 117 badala ya kufika 354, basi kazi imeisha. Kitu kinachoweza kuharibika kinaharibika tena na tena, na ndo maana sokwe wa O hawana O yetu, wao jeni yao imeharibika sehemu tofauti, kila mmoja kavunja kivyake. A na B tumerithi pamoja, O hapana. Wale Waneandathali, binadamu wa kale wa Ulaya waliokufa makumi ya maelfu ya miaka iliyopita wao mabaki ya mifupa yao wengine yamekutwa na O hiyohiyo yetu ya kupoteza G, lakini hao ni ndugu wa juzijuzi.

Sasa hiyo alama ya kujumlisha kwenye kadi yako. Ni Rh, kwa maana una antijeni D, alama nyingine kwenye seli nyekundu. Watu wanajua jina limetoka kwa tumbili wa Asia anayeitwa rhesus, Landsteiner na Wiener 1940, wakadhani antijeni ya tumbili na ya mtu ni moja. Baadaye ikaonekana dawa yao ya tumbili ilikuwa inagusa protini nyingine kabisa, ambayo siku hizi inaitwa LW kwa heshima yao, ila jina la Rh likawa limeshazoeleka likabaki. Mambo ya sayansi bwana. Jeni za Rh ziko kromosomu namba 1, mbili zimekaa jirani, RHD na RHCE, moja ni nakala ya mwenzake. Orangutani, giboni na nyani wana moja tu. Kuongezeka kumetokea kwa babu wa pamoja wa mtu, sokwe na gorila, na sokwe akaenda mbele zaidi wengine wana tatu. Kwa hiyo kuwa na D ni kitu cha ukoo wetu huu wa Afrika. Asiye na D amepoteza baadaye, Ulaya ni kama watu 15 kwa 100 na kule mara nyingi jeni nzima imefutika, huku kwetu ni wachache na wengi wao jeni ipo mahali pake ila imevurugwa, kuna herufi 37 zimejirudia katikati. Nalitaja kwa sababu kipimo cha DNA kilichotengenezwa kwa Wazungu tu kinaweza kumwona Mwafrika wa namna hiyo kama ana D wakati hana, na hilo kwa mama mjamzito sio utani. Na wale wanaosema wasio na Rh wametoka sayari nyingine, jamani, ni jeni imefutika tu.

Kuna protini moja ambayo sisi ndo tumejitenga na hao ndugu zetu, inaitwa Duffy. Sokwe na gorila wanayo kwenye seli nyekundu. Sisi huku kusini mwa Sahara wengi hatuna, kuna herufi moja imebadilika kwenye swichi ya jeni, swichi inagoma kwenye seli nyekundu tu, kwingine mwilini protini ipo kama kawaida. Faida yake ni kinga dhidi ya aina moja ya malaria inayoitwa vivaksi, kile kimelea kwa kawaida kinatumia Duffy kama mlango. Mwaka 2014 ikaonyeshwa kwamba sokwe na gorila wa Afrika ya Kati wamejaa ndugu wa kimelea cha vivaksi, yaani kimetokea huku, watu wa huku wakafunga mlango, kikabaki kwa sokwe na kwa watu waliokuwa nje ya Afrika.

Haya, kuongezewa damu ya sokwe. Kwa karatasi, sokwe wa O angeonekana anafaa. Kwa kweli hapana. Sokwe ana mifumo yake mingine ya damu, kuna mmoja unaitwa V-A-B-D ambao ni ndugu wa MN, mfumo mwingine wa grupu za damu zetu, na mwingine R-C-E-F ambao ni ndugu wa Rh, hata yeye na sokwe mwenzake wanaweza kugombana humo, sembuse mtu. Pili, seli zake zina sukari inaitwa Neu5Gc, sisi jeni ya kuitengeneza ilikufa miaka kama milioni 2 au 3 iliyopita, na watu tuna kingamwili za kuipiga. Tatu, virusi. HIV-1 asili yake ni virusi vya sokwe wa Kamerun, sidhani nahitaji kuongeza neno hapo. Ni kweli kwamba mwaka 1963 na 1964 daktari Reemtsma wa New Orleans aliwapandikiza wagonjwa figo za sokwe na mmoja akaishi miezi tisa, lakini hiyo ilikuwa enzi ambayo mashine za kusafisha damu hazikuwa za kila mtu.

Nyani wa milimani kwenu sasa, na hili naomba ulisikilize maana wanafunzi wakifanya watapata jibu la uongo wakaliamini. Ukichukua tone la damu ya nyani ukaweka dawa ya A na dawa ya B (yaani kingamwili za kushika A na za kushika B), kwa kawaida seli hazigandani kwa namna ya kueleweka, utaandika O. Sio O. Nyani na tumbili zile sukari hawazivalishi kwenye seli nyekundu, wanazo kwenye mate na kwenye kuta za mishipa na ogani. Kuzivalisha seli nyekundu ni tabia ya mtu na jamii ya sokwe, na hata gorila seli zake zinajibu vibaya, B yake imejulikana vizuri kwa mate. Nyani mara nyingi ni A, B au AB, O kwao ni adimu mno.

Na hilo lilishaleta shida kubwa kweli. Oktoba 1984 kule Loma Linda, California, mtoto mchanga aliyeitwa Baby Fae alipandikizwa moyo wa nyani na daktari Bailey. Mtoto alikuwa O. Nyani wa O hawakupatikana, moyo ukatoka kwa nyani wa AB, seli nyekundu zake zisingekuonyesha kitu lakini mishipa ya moyo wenyewe ilikuwa imejaa A na B. Mtoto aliishi wiki tatu hivi.

Kwa hiyo ukitaka grupu ya nyani unatafuta mate, unayachanganya na dawa ya A au ya B, unasubiri, halafu unaweka seli za mtu wa grupu hiyo. Kama mate yana sukari ya A yatakuwa yameshaimaliza dawa ya A na seli hazitagandana. Na si lazima kumshika nyani, wala msijaribu, wanang'ata vibaya na kibali cha wanyamapori hamna. Fanyeni kwa mate yenu wenyewe, mate ya mwanafunzi mmojammoja kwenye tyubu, yachemshwe kwanza kama dakika kumi ili vimeng'enya vya mate vife. Walio wengi sukari zao zinatoka kwenye mate, wachache hazitoki kwa sababu ya jeni nyingine inayoitwa FUT2, kwa hiyo msishangae mmoja wa B kama wewe mate yake yakakaa kimya.